Ofisi kwenye chumba cha chini ya ardhi: rangi na zulia ndiyo kazi ya mwisho

Swali: Nyumba yangu ina chumba cha chini ya ardhi, mita 5 kwa 7 hivi, ambacho miaka yote kimekuwa stoo. Nafanya uhasibu nikiwa nyumbani na nimechoka kutandaza karatasi za watu kwenye meza ya chakula. Nataka kukigeuza ofisi: meza yangu, ya msaidizi mmoja, makabati ya mafaili na mahali pa mteja kukaa. Kuna madirisha mawili madogo juu kabisa ya ukuta, na njia ni moja tu, ngazi inayotokea jikoni. Mvua zikikolea, kona moja hunuka unyevu na ukutani kuna alama nyeupe, ila maji yaliyotuama sijawahi kuyaona. Fundi amekagua. Anasema atapaka rangi ya kuzuia maji, ataweka bodi za jipsamu na zulia la ukuta hadi ukuta, na wiki mbili zinatosha. Nimpe kazi?

Jibu: Usimpe bado, ndugu yangu. Sisemi fundi wako hajui kazi. Inawezekana ana mkono mzuri kabisa, lakini yote aliyokutajia ni ya kumalizia, na chumba kilichozikwa ardhini hakianziwi huko. Maelezo yako yenyewe yana mambo mawili ambayo lazima yapate majibu kabla hujanunua hata kopo moja la rangi: hizo alama nyeupe, na hiyo ngazi inayotokea jikoni.

Tuanze na alama nyeupe. Shuka na tochi, uimulike ukutani kwa ubavu, kisha ukwangue kwa kucha. Ikisagika ikawa unga mkavu, na ukiudondoshea tone la maji ukapotea, hiyo ni chumvi. Kuvu haifanyi hivyo. Hupakazika kidoleni na huwa na harufu yake. Chumvi maana yake ni kwamba maji ya udongoni yanapenya zege au tofali, yanayeyusha chumvi zilizomo humo, na yakifika upande wako yanakauka na kuiacha usoni mwa ukuta. Kwa hiyo maji yanaingia. Huyaoni kwa sababu ukuta uko wazi na hewa inayakausha kabla hayajapata nguvu ya kutiririka. Siku utakayoufunika kwa jipsamu, hewa haitaufikia tena, na maji yaleyale yataendelea kuja bila pa kukaukia.

Nimeshafungua kuta za namna hiyo. Kwa mbele rangi ilikuwa safi, ofisi imependeza. Ukibandua ubao wa chini ya ukuta unakuta karatasi ya jipsamu imeota madoa meusi kiasi cha kiganja kutoka sakafuni, vichwa vya skrubu vimeshika kutu, na nyuma yake sufi ya kuhami joto imelowa hadi inakamulika. Mwenye ofisi alikuwa analalamika mafua yasiyoisha.

Na rangi ya kuzuia maji je? Inategemea inapakwa upande gani. Udongo ukishiba maji nje ya ukuta, kila mita moja ya kina cha maji hayo inaongeza msukumo wa karibu kilopaskali 10, ambao ni sawa na uzito wa tani moja kwenye kila mita ya mraba. Kizuizi kilichopakwa nje kinakandamizwa na maji hayo kishike ukuta vizuri zaidi. Kilichopakwa ndani kinasukumwa kitoke. Ndiyo maana rangi ya ndani hufura malengelenge, ukilitoboa moja linatoa maji na unga wa chumvi, na mwaka unaofuata unakuta imebanduka vipande. Ina mahali pake, kwenye unyevu mdogo uliobaki baada ya chanzo kushughulikiwa. Kama tiba ya kwanza ni kupoteza pesa.

Sasa tafuta maji yanatoka wapi. Chukua vipande vitatu vya nailoni angavu, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Kimoja kibandike kwenye kona inayonuka, kingine ukuta wa mkabala wake, cha tatu katikati ya sakafu. Futa vumbi kwanza, halafu ziba kingo zote nne kwa seloteipu pana kusiwe na upenyo wa hewa. Viache usiku na mchana, ikiwezekana siku mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, ule uliolalia ukuta, au zege limekuwa jeusi chini ya nailoni, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta matone upande wa mbele, unaogusika, basi ni mvuke wa hewa ya chumbani unaogeuka maji kwenye kitu baridi. Pande zote mbili zikilowa, una matatizo mawili na kila moja lina dawa yake. Rudia zoezi baada ya mvua kubwa, maana jibu la wakati wa kiangazi linaweza kukudanganya.

Kisha toka nje. Nasema kweli, chukua mwavuli uizunguke nyumba mvua ikiwa inanyesha. Kipimo kizuri kuliko hicho sikijui. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 limekusanya lita 4,800. Kama gata zako zinateremsha maji kwa bomba mbili na bomba hizo zinaishia miguuni mwa ukuta, umemimina lita 2,400 kila pembe, tena hasa pale ambapo udongo ni mlegevu, kwa sababu ulichimbwa wakati wa kujenga na kurudishiwa baadaye. Udongo huo hushuka miaka inavyokwenda. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi za zamani zina ardhi inayoinamia ukuta badala ya kuukimbia, na mwenye nyumba, asijue, amepanda maua palepale na kuyamwagilia kila jioni.

Hizo ndizo pesa za kwanza, na kwa kawaida ni pesa ndogo. Zibua gata, ongeza bomba zimwage maji angalau mita 2 kutoka ukutani, kisha jaza na ushindilie udongo upate mwinamo wa sentimita 15 kwa kila mita 3 za mwanzo. Sehemu iliyo mbali na ukuta maji yatajijua. Hamisha bustani. Angalia na yale madirisha mawili: kama kila moja limekaa kwenye shimo lake nje, hakikisha chini ya shimo kuna kokoto na njia ya maji kutokea, la sivyo dirisha limekuwa faneli. Naona kona nyingi zenye harufu zikipona kwa hayo tu, bila zege kuguswa.

Zisipopona, gharama inapanda na hapo unahitaji mhandisi, si mimi wala fundi wa kumalizia. Kuna njia mbili kuu. Ya nje ni kuchimba hadi kwenye kitako cha msingi, kusafisha ukuta, kuubandika utando wa kuzuia maji, kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchuja udongo, na kulielekeza mahali pa chini zaidi. Ya ndani ni kukata sakafu kandokando ya ukuta, kulaza bomba la namna hiyohiyo na kuyaongoza maji kwenye kisima kidogo chenye pampu inayojiwasha boya likipanda. Ya nje inazuia maji yasifike ukutani. Ya ndani inayakubali yaingie kisha inayatoa, kwa hiyo ukuta wako utabaki na unyevu. Mimi huchagua ya nje pale nafasi inaporuhusu. Ukichukua ya ndani, pampu iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi na iwe na betri yake, kwa sababu dhoruba inayojaza kisima ndiyo hiyohiyo inayokata umeme. Na mtu yeyote asishuke kwenye handaki linalozidi mita 1.5 bila kuta zake kutegemezwa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu, na ukuta wa handaki ukiporomoka hautoi nafasi ya kukimbia.

Baada ya hayo yote, acha ukuta wazi upitiwe na msimu mzima wa mvua. Najua ushauri huu haupendwi, kila mtu anataka kuhamia kesho. Lakini miezi hiyo hutaipoteza, kuna vipimo vingine na vibali vya kufuatilia, kama utakavyoona.

Kwanza hewa. Watu wakisikia harufu ya unyevu hufungua madirisha, na wakati mwingine ndipo wanapozidisha tatizo. Hewa ya nje ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, mvuke wake unaanza kugeuka maji ikikutana na kitu chenye nyuzi 24 au chini ya hapo. Ukuta uliozungukwa na udongo unaweza kuwa na nyuzi 20. Kwa hiyo kila upepo unaoukaribisha mchana wa joto unaacha maji yake ukutani. Nunua kipima unyevu, ni kifaa kidogo na rahisi, ukiweke kwenye ile kona na usome asubuhi na jioni. Lengo ni kukaa karibu na asilimia 50 na usivuke 60, maana juu ya hapo kuvu hustarehe. Ikibidi, weka mashine ya kukausha hewa, na mpira wake uelekeze kwenye mfereji. Ile ya ndoo, ya kumwaga kwa mkono, wiki ya tatu utaisahau.

Pili, radoni. Ni gesi ya asili inayotokana na urani iliyomo kwenye mawe na udongo; haina rangi, haina harufu, na huingia kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Vyumba vya chini ndivyo huikusanya zaidi. Baada ya sigara, yenyewe ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha ndani ya nyumba kisizidi bekereli 100 (kipimo cha mnururisho) kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana kisivuke 300. Marekani inashauri kuchukua hatua kuanzia 148. Stoo ulikuwa unaingia dakika tano na kutoka. Ofisi utakaa saa nane kwa siku, wewe na msaidizi wako. Kwa hiyo weka kipimo, kiache angalau miezi mitatu, kwa sababu kiwango hupanda na kushuka kwa majira. Ikibainika iko juu, dawa inajulikana: bomba linapenyezwa chini ya sakafu, feni inavuta hewa ya udongoni na kuitoa juu ya paa. Kazi hiyo ni rahisi sana kabla sakafu haijapambwa, ni karaha baada ya hapo.

Hewa ya kupumua yenyewe nayo isisahauliwe. Kadiria lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Ukikaa na msaidizi na mteja mmoja mlango umefungwa, kabonidayoksaidi, ambayo nje iko zaidi kidogo ya sehemu 420 kwa milioni, itavuka 1,000 mapema, na kichwa kizito cha saa tisa alasiri utakisingizia chakula cha mchana. Feni ya kutoa hewa peke yake haitoshi, lazima pawe na njia ya hewa kuingia. Tena kama humo chini kuna boila au kifaa chochote kinachochoma gesi au mafuta, feni yenye nguvu inaweza kuuvuta moshi wake urudi chumbani. Fundi wa vifaa hivyo akague kwanza, na king'ora cha kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwekwe vyovyote vile. Jenereta haikai humo, hata kwa dakika moja.

Sasa ile ngazi. Njia yako moja ya kutokea inapita jikoni, na jikoni ndiko mioto mingi ya majumbani huanzia. Fikiria moto uko juu, moshi umejaza ngazi, na wewe uko chini na mteja. Madirisha yako mawili ya juu ya ukuta hayatoshi mtu kupita. Kila nchi ina kanuni zake, lakini ili upate picha, kanuni ya makazi inayotumika sana Marekani inadai chumba cha chini kinachokaliwa na watu kiwe na tundu la dharura lenye uwazi wa angalau mita za mraba 0.53, upana usiopungua sentimita 51, kimo kisichopungua sentimita 61, na kizingiti chake kisiwe juu ya sentimita 112 kutoka sakafuni. Chukua rula ukapime madirisha yako. Nadhani hata moja halitafaulu.

Hapa ndipo ningeweka fedha nyingi kuliko kwenye kitu kingine chochote katika mradi wako. Badala ya kupanua dirisha, chunguza kama upande mmoja wa nyumba unaweza kupata mlango wa nje, wenye ngazi ya kushukia kutoka usawa wa ardhi. Mlango huo unakupa njia ya pili ya kuokoka. Unamwingiza mteja bila kumpitisha kwenye masufuria yako. Ukiwekwa kioo unaleta mwanga wa mchana ambao hakuna taa inayoufikia. Na kama siku moja utataka kupangisha ofisi hiyo kwa mtu mwingine, inapangishika. Ubaya wake ni mmoja, nao unarudi kwenye maji: ngazi ya nje ni shimo, na shimo hukusanya mvua. Chini yake lazima pawe na mfereji wenye wavu uliounganishwa na njia ya maji inayofanya kazi, kizingiti cha mlango kiinuliwe, na ikiwezekana paezekwe. Kukata ukuta wa msingi si kazi ya kubahatisha. Ukuta huo unabeba nyumba na unazuia udongo. Mhandisi ndiye aseme wapi pakatwe, linta, yaani boriti ya juu ya mlango, iwe ya nini na pategemezwe vipi wakati wa kukata.

Kama mlango hauwezekani kabisa, panua dirisha moja lifikie vipimo, lichimbiwe shimo la kutosha mtu kusimama, na shimo likizidi mita 1.12 liwe na ngazi ya kupandia. Ving'ora vya moshi viwekwe juu na chini na viunganishwe, kimoja kikilia vilie vyote.

Kimo cha dari hukukitaja. Pima kutoka sakafu tupu hadi chini ya boriti, si hadi dari. Kanuni hiyohiyo ya Marekani inataka mita 2.13 kwa chumba cha kukaliwa. Ukiwa na mita 2.25 tupu, ukaongeza sakafu ya sentimita 3 na silingi ya sentimita 10, umebaki na 2.12 na mtu mrefu anainama bila sababu. Kwenye hali kama hiyo usiweke silingi. Panga mabomba na nyaya vizuri, paka kila kitu rangi moja nyeupe, liwalo liwe. Wengine hushawishiwa kuchimba sakafu wapate kimo. Ukichimba kandokando ya kitako cha msingi unaondoa kile kinachoishikilia nyumba isiteleze. Inafanyika, kwa mhandisi na kwa gharama, lakini kwa ofisi ya watu wawili siioni faida yake.

Umeme na mtandao vipite kabla kuta hazijafungwa. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9, na printa ya leza inapojipasha joto inaweza kuvuta zaidi ya wati 1,000 kwa sekunde chache. Vikiwa kwenye laini moja na kompyuta, taa zitapepesa na siku ya kufunga hesabu saketi breka itaruka. Omba laini tatu: kompyuta, vitu vizito, taa. Zote zilindwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, na waya wa eathi upimwe, usiaminiwe kwa macho. Soketi mimi huzipandisha sentimita 60 kutoka sakafuni, kwa sababu siku pampu ikigoma maji huanzia chini. Waifai ya ruta iliyoko sebuleni itafika kwako imechoka. Zege lenye nondo huinyonya. Teremsha kebo ya mtandao, ambayo inafika hadi mita 100 bila shida, na kando yake uache paipu tupu yenye kamba ndani kwa ajili ya waya utakaouhitaji baadaye.

Mwanga: kiwango cha Ulaya kwa kazi ya kusoma, kuandika na kompyuta ni laksi 500 (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) juu ya meza. Taa moja katikati ya dari haikupi hizo, inakupa kivuli cha kichwa chako juu ya karatasi. Weka taa za dari zilizotawanyika, za kelvini 4,000 hivi (weupe wa kadiri, si wa njano wala wa buluu), na taa ya meza. Meza ikae dirisha likiwa ubavuni. Likiwa nyuma yako linaakisi kwenye skrini, likiwa mbele linakuumiza macho.

Kuhusu kelele, utauziwa sponji zenye vinundu za kubandika ukutani. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Sauti ya nyayo kutoka juu hutibiwa hukohuko juu, kwa zulia nene lenye tandiko laini chini yake. Mazungumzo ya mteja kuhusu fedha zake yasisikike jikoni: mlango wa ngazi uwe wa mbao nzito, si ule mwepesi ulio mtupu ndani, na uzibwe mwanya wa chini. Kwa mhasibu hilo ni sehemu ya uaminifu wa kazi.

Sasa tumefika kwenye kazi ya fundi wako, na hapa ana nafasi yake. Bodi ngumu za polistairini, ile povu ya plastiki ya kuhami joto, zigundishwe moja kwa moja kwenye zege na maungio yake yazibwe, ili hewa ya chumbani isiufikie ukuta baridi. Sufi isigusane na zege. Mbele ya polistairini isimame fremu, kisha jipsamu, na jipsamu ni lazima iifunike yote, kwa kuwa polistairini ikiungua moshi wake ni sumu. Bodi ya jipsamu isikanyage sakafu. Iinuliwe sentimita 1 au 2 na ubao wa chini ufiche pengo. Zulia la ukuta hadi ukuta likatae. Chukua vigae au mbao za vinaili, na kama unataka joto la miguu tandika zulia dogo linaloweza kunyanyuliwa na kuanikwa. Kama nyumba ilijengwa kabla ya miaka ya 1980 na sakafuni kuna vigae vya zamani vilivyogundishwa, au mabomba yamevishwa kitu kama plasta, usikwangue wala usisage chochote kabla hakijapimwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Makabati ya mafaili yakae juu ya miguu, na yaache nafasi ya ngumi kati yake na ukuta wa nje.

Choo cha chini mimi ningekiacha. Bomba la majitaka mara nyingi liko juu ya sakafu ya chumba hicho, kwa hiyo utahitaji pampu ya kusukuma uchafu kupanda, na vali ya kuzuia majitaka yasirudi siku mtaro wa mtaa ukifurika. Kwa wateja wachache, choo cha juu kinatosha. Lakini kama sakafuni tayari kuna tundu la majitaka, hiyo vali iweke hata bila choo.

Karatasi nazo zina zamu yake. Kugeuza stoo kuwa mahali pa watu kufanyia kazi kwa kawaida kunahitaji kibali cha ujenzi, na kupokea wateja nyumbani huenda kukahitaji kingine. Ulizia zote mbili katika halmashauri yako kabla hujakata ukuta. Soma na bima yako. Bima nyingi za nyumba hazihesabu vifaa vya biashara, wala mteja aliyeteleza kwenye ngazi yako akavunjika mkono. Kule kodi inakoruhusu kukata gharama za ofisi ya nyumbani, mara nyingi sharti ni chumba kitumike kwa kazi tu, lakini hilo nadhani wewe ndiye ungenifundisha mimi.

Kwa fundi wako, mwambie kazi ipo ila haijafika zamu yake, na umwombe akuandikie bei kwa hatua: fremu na bodi peke yake, umeme peke yake, sakafu peke yake, ili usilipie hatua kabla ile ya nyuma haijakaguliwa. Mhandisi mwite sasa kwa ajili ya mlango. Nailoni bandika wiki hii.

Na kama baada ya gata, mwinamo na mvua za msimu mzima nailoni ya ile kona bado inatoa matone nyuma, na fedha za kuchimba hazipo, usilazimishe. Weka rafu za chuma huko chini, hamishia huko vyombo na vifaa visivyodhuriwa na unyevu kutoka chumba kimojawapo cha juu, na ofisi uifungulie hukohuko juu.